Sindano Chini ya Jicho

Mwanangu Zuhura,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naisikia. Uko chumba cha pili unagombana na zipu ya begi na unaisema peke yako kama mtu mzima aliyekosewa. Alasiri imeshapita, baba yako ametoka kwenda msikitini na akirudi atapitia kuuliza habari za basi la alfajiri. Kati yetu pana ukuta tu, na bado nimechukua karatasi. Nikija kukwambia kwa mdomo nitafika katikati nitanyamaza, nitakuuliza kama umepakia taulo, kisha nitarudi jikoni. Mimi najijua.

Mambo ya taulo basi tuyaache, na ya kula vizuri, na ya kutompa mtu namba ya siri ya simu yako. Unayoyajua unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na Dar es Salaam, tena haina subira kama mimi. Nina jambo moja, na nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Naogopa, Zuhura. Si kuogopa kwa mama yeyote ambaye mtoto wake anapanda basi. Naogopa hiyo kazi unayokwenda kujifunza, naogopa sindano yenyewe, na zaidi naogopa mahali inapochomwa. Nimeogopa tangu siku ile ulipokaa uani na kioo changu kidogo na penseli ya wanja, ukanichorea mishipa ya damu juu ya uso wako mwenyewe. Ulianzia kwenye taya, ukapandisha mstari kupita pembeni ya mdomo, ukaupeleka ubavuni mwa pua mpaka kwenye kona ya jicho. Kisha ukaweka nukta chini ya jicho, sawasawa na mboni, ukaniambia hapo kwenye mfupa pana tundu, na mshipa na neva hutokea hapo. Ukachora na ile inayoteremka kwenye kipaji cha uso. Ukasema mishipa hiyo yote inajuana, inapeana damu, na mingine inatoka ndani kabisa ya tundu la jicho.

Ulikuwa na furaha, na mistari ya wanja usoni ilikufanya uonekane kama mtoto aliyeachiwa makaa. Uliniambia siku hizi fila, hicho kitu mnachojazia uso, ni jeli laini, mwili wenyewe huimaliza taratibu, na ipo dawa ya kuiyeyusha ikienda pabaya. Mnaingiza kidogo, polepole, mnakaa karibu na mfupa, na pengine mnatumia kanula, sindano ya ncha butu, isiyotoboa mshipa kwa urahisi. Nilikuwa naitikia kila neno.

Halafu ukasema, kama mtu anayesema atapitia sokoni kununua nyanya, kwamba mafunzoni wanafunzi huchomana wao kwa wao, na wewe umeshajitolea kuwa wa kwanza kulala kitandani, kwa sababu una vishimo chini ya macho kama vyangu na mwalimu atapata pa kuonyeshea. Nikakwambia nimesahau wali jikoni. Hapakuwa na wali jikoni.

Jicho langu la kushoto halikufa kwa surua. Hayo ndiyo tuliyowaambia majirani na ninyi watoto, na baba yako akatusaidia kuyasema. Lilikufa kwa sindano, iliyochomwa karibu na jicho, kwa mkono wa Bibi Zuhura, yule uliyepewa jina lake. Nilimwahidi kwamba siri hii nitaifunga. Sasa ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na nadhani yeye mwenyewe angenifungua mdomo kama angejua unakokwenda kesho.

Najua ulivyompenda. Wewe ulikuwa ukichezea mabomba yake matupu ya sindano, ukiwachoma wanasesere, na ni yeye aliyekutia hamu ya uuguzi kabla hata hujajua kuandika. Ndiyo maana nataka umjue alivyokuwa zamani, usije ukamhukumu kwa saa moja ya maisha yake.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, na mama alipofariki ndiye aliyenilea. Alifanya kazi kwenye zahanati miaka ile ya dhiki, wakati dukani kulikuwa na rafu na hakuna kitu juu yake. Ninyi mkisikia habari za foleni ya sabuni mnacheka. Sisi tulifua kwa majani ya mpapai, na ikisikika sabuni imefika, mtu anaacha chungu motoni anatoka mbio. Zahanati nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mabomba yalikuwa ya glasi, yakichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na sindano ikiwa butu hainunuliwi nyingine, inanolewa kwenye jiwe. Dawa zilikuja chache na zikachelewa. Nilikuwa nikimpelekea chakula mchana, namwona ameinamisha kichupa, anakigonga kwa kucha, anafuata tone la mwisho kwa ncha ya sindano mpaka alipate.

"Dawa haimwagwi," alikuwa akisema. "Kuna mtoto wa mtu analingoja tone hili."

Na ni kweli walikuwepo. Wapo watu wazima hapa Tanga, Nguvumali, wenye wajukuu sasa, ambao walipona kwa matone yale. Tabia ile ilimwingia mkononi, ikakaa, na alipokuja kuhitaji kuitoa hakuweza.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa ghafla, mpaka tukawa tunaingia kutazama tu. Kukawa na mitumba, manukato, redio za kaseti, na krimu za kila rangi zilizoahidi weupe, ambazo wengi wetu tulijipaka na wengine wakababuka. Zikaja na kaseti za video za harusi za huko Uarabuni. Nyumba yenye televisheni ilikuwa moja mtaani, tukijazana sakafuni kutazama mabibi harusi tusiowajua. Kila mmoja kwenye kaseti zile alikuwa na uso ulioshiba.

Mimi sikuwa na uso ulioshiba. Dhiki ilikuwa imeisha madukani lakini usoni mwangu ilikuwa bado ipo. Na si dhiki peke yake, ukoo wetu wote tuna macho ya kuingia ndani, na wewe umerithi. Baba yako aliponiposa, watu wake wakasema watavuka kutoka Pemba kwa wingi kuja kumwona mwari, na kaka yake mkubwa akajitolea kuleta mtu wa kupiga video. Ilikuwa harusi ya kwanza mtaani kwetu kupigwa video. Nilikosa usingizi kwa ajili ya vishimo hivi, na kukosa usingizi kukavichimba zaidi.

Nikatiwa ndani, nikakabidhiwa kwa somo yangu, Bi Mwanakombo, mwanamke aliyefunda nusu ya wake wa mji huu. Wewe hukufundwa kwa namna ile, kwa hiyo nikueleze. Mwari anasuguliwa singo mwili mzima, anapakwa liwa ya msandali usoni, na huku anafundishwa. Mwari haangalii watu usoni. Hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa kama amechoka, hajachoka. Haguni anapochuliwa hata ngozi ikiwaka moto, kwa sababu mwari anayeguna anamwaibisha somo yake, na watu watasema hakufundwa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Bi Mwanakombo alinisifu kwa watu kwamba hajapata kumfunda msichana mwenye stahamala kama mimi.

Singo haikujaza vishimo, na wanja ulivizidishia weusi. Ndipo shoga mmoja wa Bi Mwanakombo, mfanyabiashara aliyekuwa akienda na kurudi Uarabuni, akaleta kichupa cha maji mazito, meupe, yanayovutika. Akasema ndiyo wanawake wa huko wanayojazia nyuso. Mpaka leo sijui kilikuwa kitu gani. Maandishi yake hatukuweza kuyasoma, na aliyekileta hakukijua kuliko sisi. Aliona tu watu wakichomwa, akaona wakipendeza.

Nani achome? Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mkono mwepesi kuliko wote tuliowajua ulikuwa wa Bibi yako. Alikataa. Alisema yeye amechoma makalio na mikono na mishipa ya watoto wachanga, lakini uso hajapata kuuchoma na hajafundishwa. Bi Mwanakombo akamwuliza, "Kwani uso si nyama?" Mimi nilikuwa nimekaa hapo kwenye mkeka, nimeinamisha kichwa, na nilikuwa na neno. Nilitaka kusema mama mdogo akiogopa na mimi naogopa. Sikusema, kwa sababu mwari hasemi. Bibi yako akanitazama vile vishimo, akayaona macho ya marehemu dada yake, akakubali. Wewe ukimpenda mtu utajua jinsi inavyokuwa rahisi kukubali jambo usilolijua.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Uso wangu ulikuwa na liwa iliyokauka, na hakuniosha, alipangusa tu pale sindano itakapoingia. Akachoma kulia, kukaenda salama. Akachoma kushoto, kukaenda salama pia. Bi Mwanakombo akashika kioo akasema mashaallah. Yangeishia hapo, leo ningekuwa na macho mawili na barua hii isingekuwepo.

Lakini kulikuwa kumebaki kidogo ndani ya bomba. Nilimwona Bibi yako akilitazama bomba lile juu kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyokuwa akitazama kule zahanati. Akasema hapa karibu na pua bado pamebonyea, na hii haimwagwi. Akaingiza sindano ubavuni mwa pua, pale pale ulipopitisha wanja wako juzi. Aliivuta kwanza kuangalia damu, maana hilo alikuwa amefundishwa, lakini maji yale yalikuwa mazito mno, hayakurudi na chochote. Basi akasukuma, na kwa kuwa yalikuwa mazito akasukuma kwa nguvu.

Maumivu yaliyokuja hayakuwa ya ngozi. Yalikuwa ndani, nyuma ya jicho, yakapanda kipajini. Kisha mwanga wa upande wa kushoto ukaondoka. Haukufifia kidogo kidogo, mwanangu. Uliondoka. Mkono wa Bi Mwanakombo ulikuwa juu ya goti langu, akalibonyeza kidogo, kunikumbusha.

Bibi yako akaniuliza, "Umeumia?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

Nimelitazama jambo hili kwa miaka mingi kutoka kila upande. Nimemlaumu aliyeleta kichupa, nimemlaumu Bi Mwanakombo, kuna wakati nilimlaumu na mpiga video wa watu, ambaye hata hakuwa amefika. Lakini swali niliulizwa, tena na mtu aliyenipenda kuliko nafsi yake, na jibu lilitoka kwangu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Nilikaa hivyo mchana wote. Nilijiambia ni liwa imeingia jichoni, nilijiambia kitapita. Jioni walipoleta uji nikanyoosha mkono nikakikosa kikombe, uji ukamwagika kwenye mkeka, na Bi Mwanakombo akaanza kunigombeza kabla hajaniona vizuri. Wakaniziba jicho la kulia wakaniuliza kuna nini mbele yangu. Hapakuwa na kitu. Waliponiosha liwa ndipo wakaona ubavu wa pua umekuwa mweupe kama ngozi ya maiti, na shavuni pamechorwa madoa ya zambarau yaliyofumana kama wavu. Weupe ule ulikuwepo tangu sindano ilipotoka, chini ya liwa, na hakuna aliyeuona. Bibi yako akakaa chini sakafuni kwenye maji ya kuoshea, na kanga yake ikalowa, na hakuinuka.

Wakasema ni husda. Harusi kubwa, video, wageni kutoka Pemba, lazima kuna mtu kachoma roho. Nikanyweshwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, nikafukizwa, na hospitali nikapelekwa asubuhi. Daktari alilimulika jicho, akauliza ni lini, nani, kitu gani. Alisema jicho likikosa damu halisubiri, hata saa mbili ni nyingi. Alisema tungekuja wakati ule ule wangejaribu, na pengine bado wasingefaulu. Hakufoka. Angefoka ningepata pa kumchukia.

Harusi ilifanyika. Kaseti ipo kabatini, imeingia ukungu. Madoa yalifunikwa na poda, na uso wangu umejaa vizuri sana, kila mgeni aliusifu. Baba yako nilimwambia kweli tulipobaki wawili, huku nikingoja anirudishe kwetu. Akasema kwa Kipemba chake, "Kwani mie nimeoa jicho?" Halafu akalia, jambo ambalo ukimwuliza atalikana.

Bibi yako hakulia mbele yangu. Alichofanya ni kumrudia yule daktari. Alikwenda tena na tena, anakaa kwenye benchi na wagonjwa, mpaka daktari akamchorea mishipa ya uso kwenye karatasi na kumweleza alichokifanya. Na mimi alinieleza baadaye, siku tuliyokwenda Pangani kuzuru makaburi. Tulikuwa tunangoja pantoni tuvuke, maji ya bahari yanajaa, na mtoni makumbi ya nazi yalikuwa yanapanda kuelekea bara badala ya kushuka.

Akaniambia niyatazame. Alisema mto siku zote unateremka baharini, ndiyo njia yake, lakini bahari ikiwa na nguvu kuliko mto inaurudisha nyuma, na kilichomo kinapanda mpaka kwenye vijito ambavyo hakikutakiwa kufika. Damu ya ubavuni mwa pua nayo ina njia yake. Yeye alisukuma kwa nguvu kuliko damu, mzigo ukarudi nyuma kupanda, ukafika kwenye njia panda ya jicho, na alipoachia mkono damu ikauchukua ikaupeleka mbele, ndani, kwenye mshipa mwembamba kuliko uzi, ukaziba.

"Nilikuuliza vibaya," akasema. "Nilikuuliza swali ambalo mtoto niliyemlea mwenyewe hawezi kulijibu ndiyo."

Unakumbuka watu walivyokuwa wakimwita Bi Unasikiaje? Ulidhani ni utani wa mtaa, na ulikuwa ukimwigiza. Tangu siku ile hakumchoma mtu bila kumwuliza unasikiaje, na akiuliza anasimama, mkono hauendi mpaka ajibiwe kwa maneno. Watu walikwenda zahanati kwa sindano ya malaria wakarudi wanacheka. Na ulipozaliwa nikakupa jina lake ili ajue kwamba sina kinyongo, na alipokushika alinitazama jicho hili, akasema ahsante.

Sasa nimefika kwenye jambo linaloniogopesha kuliko sindano.

Ulikuwa mdogo, hujaanza shule, nakaanga bagia na wageni wamekaa ukumbini, mafuta yakakurukia mkononi. Ngozi ilinyanyuka pale pale. Ulikunja midomo, ukanitazama, hukutoa sauti. Shangazi yako mmoja akasema, mtoto ana adabu huyu, na wote wakaitikia. Na mimi, mimi wa watu wote, nilijivuna. Nilikusifu mbele yao, nikakupa bagia ya kwanza. Ulipougua shuleni ukakaa darasani mpaka ukaanguka, nikawaambia majirani mwanangu ni mvumilivu. Nilikuwa na jicho moja bovu usoni kunikumbusha, na bado nilikufunda yale yale niliyofundwa, bila singo wala liwa.

Kwa hiyo nikikufikiria umelala kwenye kitanda hicho, mwalimu amekuinamia, wenzako wamesimama wanatazama, najua utakavyofanya. Utasikia jambo ambalo si la kawaida, nyuma ya jicho, na utaulizwa uko salama, na utasema niko salama, usimharibie mwalimu somo lake. Najua, kwa sababu nimekutengeneza mwenyewe. Hili ndilo linaloniamsha. Ile dawa yenu ya kuyeyusha inaweza kuwa mezani, kila kitu kimepangwa vizuri, na wewe umenyamaza, na dakika zinakwenda.

Sitakukataza. Baba yako anataka nikukataze, nami nimejaribu maneno kadhaa jikoni peke yangu, hayakukaa mdomoni. Uso ni wako. Nilipokuwa na umri wako niliutaka uso mwingine kwa moyo wangu wote, na sijui kama nilikosea kuutaka. Na kazi unaipenda, na una mkono wa Bibi yako, hata namna ya kushika kijiko. Hilo pia linaniogopesha, nisikufiche.

Wanawake watakaokuja kwako watakuwa kama sisi. Watatoka Tanga, Pangani, Unguja, Pemba, wamejitanda vizuri, na ukiwauliza wameumia watasema la, hawajambo. Usiwaulize hivyo. Waulize wanaona nini, waambie wafunike jicho moja wakusomee kitu ukutani, kisha la pili. Uso uoshe wote kabla hujagusa chochote, poda yote itoke, uione ngozi yenyewe ikibadilika. Ikipauka, acha, hata kama umebakiza upande mmoja na bibi harusi anangojwa. Na kikibaki kitu kwenye bomba, kitupe. Najua kina bei, na najua umelelewa kwenye nyumba isiyomwaga hata maji ya kuoshea mchele. Hicho kitupe. Na ile dawa ya kuyeyusha usiitegemee ukalala mlango wazi. Nilipokuuliza kama inarudisha jicho, ulisema kwa jicho hakuna mwenye hakika. Nakushukuru kwa kutonidanganya.

Hayo nadhani utayaweza, kwa sababu ni ya watu wengine. Linalonitia wasiwasi ni wewe ukiwa umelala chini. Maneno ya barua hayawezi kukufundua. Miaka yote hii nimekufundisha upande mmoja, sasa nifanyeje kwa usiku mmoja?

Nimefikiria, na nimepata njia moja, ya kijinga. Kesho stendini watakuwepo shangazi zako wote, na majirani, na ndugu wa baba yako waliovuka kutoka Pemba kwa ajili yako, kila mtu na heshima zake. Utawapa mikono, utaomba radhi, utasema vizuri kama unavyosema siku zote. Mimi nitakuwa wa mwisho. Nitakukumbatia, na nikikukumbatia nitakufinya mkono kwa kucha, nikufinye kwelikweli, mpaka paume. Ukininyamazia, ukanitabasamia kama nilivyokulea, begi litateremshwa na basi litaondoka bila wewe, na mimi sitajali nauli wala watu. Kwa hiyo piga kelele, mwanangu. Sema mama unaniumiza. Sema kwa sauti mpaka kondakta ageuke na shangazi zako washike midomo. Niaibishe mbele yao wote, ndipo nitakapokuachia mkono.

Mama yako